Barua ya Julai 2013: mageuzi ya afya ya Marekani na mifuko ya bima ya vyama vya wafanyakazi

Mwezi Julai 2013, viongozi watatu wa vyama vikubwa vya wafanyakazi nchini Marekani waliwaandikia barua Harry Reid, kiongozi wa Democratic katika Seneti, na Nancy Pelosi, kiongozi wa chama hicho katika Baraza la Wawakilishi. Waliotia saini ni James Hoffa wa Teamsters, chama kinachojulikana zaidi kwa madereva wa malori na watu wa maghala, Joseph Hansen wa UFCW, chama cha wafanyakazi wa maduka makubwa ya vyakula na viwanda vya nyama, na D. Taylor wa UNITE HERE, chama cha wafanyakazi wa hoteli na mikahawa. Hawa hawakuwa mahasimu wa Rais Barack Obama. Vyama vyao vilimpigia kampeni mlango kwa mlango, na vilitaka mageuzi ya afya tangu kabla hajaingia madarakani. Sasa walikuwa wakisema kwamba sheria aliyoitia saini tarehe 23 Machi 2010, ambayo watu wengi huiita Obamacare, isiporekebishwa itavunja mafao ya afya yaliyopiganiwa kwa miaka mingi na kubomoa wiki ya kazi ya saa 40.

Barua ilipokelewa kwa namna mbili. Waliokuwa wakiipinga sheria walisema: mnaona, hata marafiki zake wanaikimbia. Waliokuwa wakiitetea walinung'unika kwamba vyama vinataka upendeleo ambao mfanyakazi mwingine hana. Pande zote mbili zilipita kando ya suala lenyewe. Kiini cha kisa hiki ni swali moja ambalo sheria ililijibu bila kulitafakari: fedha zinazolipia bima ya mwanachama ni za nani?

Mfuko wa pamoja unavyofanya kazi

Bima ya afya kupitia kazini ilipata nguvu Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 serikali ilizuia mishahara isipande ovyo, lakini mafao kama bima yaliruhusiwa. Waajiri waliokuwa wakigombea wafanyakazi wachache waliobaki wakaanza kutoa bima pale ambapo hawakuweza kuongeza mshahara. Mwaka 1954 sheria ya kodi ikathibitisha kwamba mchango wa mwajiri katika bima hautozwi kodi ya mapato ya mfanyakazi. Tangu hapo, dola iliyowekwa kwenye bima ina thamani kuliko dola iliyowekwa mfukoni, na vyama vikajifunza kuomba ya kwanza.

Lakini kuna kazi ambazo hazina mwajiri mmoja wa kudumu. Fundi umeme anamaliza jengo hili na kontrakta huyu, mwezi ujao yuko kwa mwingine. Mhudumu wa karamu anaitwa na hoteli tatu ndani ya wiki. Kila akibadilisha mwajiri angepoteza bima na kuanza upya. Jibu la vyama lilikuwa mfuko wa pamoja: waajiri wengi wa sekta moja wanachangia kapu moja, na bima inamfuata mfanyakazi popote anapokwenda. Sheria ya Taft-Hartley ya 1947 iliweka masharti ya mifuko hiyo. Fedha zinakaa kwenye amana, si kwa mwajiri wala kwa chama, na wadhamini wanaoisimamia wanakuwa nusu kwa nusu, upande wa waajiri na upande wa wafanyakazi. Wakati barua inaandikwa, mifuko ya aina hii ilikuwa ikihudumia watu wapatao milioni 20, pamoja na familia zao.

Mchango kwa kawaida huhesabiwa kwa saa. Mkataba wa hali bora kati ya chama na waajiri unapojadiliwa, pande mbili zinakubaliana kwanza jumla ya nyongeza, tuseme dola 1.50 kwa saa, kisha wanachama wanaamua igawanywe vipi: kiasi gani kiende kwenye mshahara, kiasi gani kwenye pensheni, kiasi gani kwenye mfuko wa afya. Katika kazi za ujenzi jambo hili hupigiwa kura waziwazi kwenye mkutano wa tawi. Bei ya dawa na hospitali ikipanda, nyongeza yote inaweza kuingia kwenye afya na mshahara ukabaki palepale. Wapo wanachama waliokaa miaka bila senti mpya mfukoni ili bima yao isikatwe.

Kwa hiyo mwanachama haoni mchango ule kama zawadi ya bosi. Ni ujira wake, aliouweka mahali pengine. Mingi ya mifuko hii haina faida ya kugawana na mtu. Inalipa madai ya matibabu yenyewe, bila kununua bima kwa kampuni, na kila dola inayobaki inarudi kwenye huduma. Mingi pia ina akiba ya saa: fundi akifanya kazi saa nyingi kiangazi, zinazozidi zinahifadhiwa, na majira ya baridi ujenzi unaposimama zinamlipia bima yeye na watoto. Mpango huo ulibuniwa na watu walioijua kazi yao vizuri sana, miongo kadhaa kabla ya mageuzi yoyote ya Washington.

Mema yaliyotangulia

Haitakuwa haki kuanza na malalamiko. Sheria ya 2010 iliwaletea wanachama mambo ambayo vyama vyenyewe vilikuwa vikiyadai. Mtoto wa mwanachama aliweza kubaki kwenye bima ya mzazi hadi atimize miaka 26. Ukomo wa maisha, yaani kile kiwango ambacho mgonjwa akikifikia bima inaacha kumlipia kabisa, ulifutwa. Ukomo wa mwaka ulipandishwa hatua kwa hatua, kutoka dola 750,000 hadi milioni 1.25, kisha milioni 2, na kufikia Januari 2014 ukapigwa marufuku kwa huduma za msingi. Kwa mwanachama mwenye mtoto anayeugua saratani au hemofilia, yaani ugonjwa wa damu kutoganda, hicho ndicho kilikuwa kifungu kikubwa kuliko vyote.

Serikali pia ilitenga dola bilioni 5 kusaidia mipango inayowahudumia wastaafu ambao hawajafikia umri wa miaka 65, umri wa kuingia Medicare, bima ya umma ya wazee. Mifuko ya vyama ilikuwa miongoni mwa walionufaika. Fedha hizo zilikwenda haraka kiasi kwamba maombi mapya yalifungwa Mei 2011.

Mema hayo, hata hivyo, yalikuwa na bei, na bei ililipwa na kapu lilelile. Kampuni ya bima ikipata gharama mpya inapandisha ada. Mwajiri mkubwa anazipunguza kwenye faida yake. Mfuko wa pamoja hauna ada ya kupandisha katikati ya mkataba wala faida ya kupunguza. Mchango wa saa umeshafungwa kwa miaka mitatu au minne. Wadhamini wanabaki na njia tatu: kula akiba, kuongeza kiasi anacholipa mgonjwa, au kukata huduma nyingine. Baadhi ya mifuko iliyokuwa inatoa bima ndogo kwa watu wa mshahara mdogo iliomba ruhusa ya muda ya kutofuata ukomo mpya wa mwaka. Serikali ilitoa ruhusa za aina hiyo zaidi ya 1,000 kwa waajiri, kampuni na mifuko mbalimbali, na waandishi wa siasa wakazigeuza kuwa kashfa, eti vyama vinakwepa sheria vilivyoipigia debe. Waliosema hivyo hawakueleza kwamba mbadala ulikuwa kuwaacha watu hao bila bima yoyote hadi 2014.

Ruzuku ambayo mwanachama hakuipata

Lalamiko kubwa la barua lilihusu ruzuku. Kuanzia Januari 2014, mtu asiye na bima nafuu kazini angeweza kununua bima kwenye soko jipya la serikali, na kama kipato cha familia yake kiko kati ya asilimia 100 na 400 ya mstari wa umaskini, serikali ingemlipia sehemu ya ada. Mstari huo mwaka 2013 ulikuwa dola 23,550 kwa familia ya watu wanne, kwa hiyo ruzuku ilifika hadi familia yenye dola 94,200. Masharti yalikuwa mawili makubwa. Bima inunuliwe sokoni, na mnunuzi asiwe na bima nafuu inayotolewa na mwajiri. Mfuko wa pamoja hauuzwi sokoni, na machoni pa sheria ni bima ya mwajiri. Mwanachama akakosa kwa pande zote.

Tufanye hesabu, kwa mfano wa kubuni lakini wenye viwango halisi vya sheria. Mfanyakazi wa usafi hotelini ana mume na watoto wawili, na kipato cha nyumba ni dola 40,000 kwa mwaka. Hiyo ni karibu asilimia 170 ya mstari wa umaskini. Kama hoteli yake haina bima, angenunua sokoni mpango wa kiwango cha kati kwa takriban asilimia 4.9 ya kipato, yaani chini kidogo ya dola 2,000 kwa mwaka, na kilichobaki kingelipwa na serikali. Kama ada kamili ni dola 10,000, ruzuku ni dola 8,000.

Sasa mweke mama huyohuyo ndani ya chama. Hoteli yake inachangia dola 5 kwa saa, saa 2,000 kwa mwaka, jumla dola 10,000. Serikali inamsaidia pia, kwa kutotoza kodi mchango huo. Lakini msaada huo una thamani gani kwake? Kwa kipato hicho kodi yake ya mapato ni ndogo. Ukijumlisha na makato ya hifadhi ya jamii ya pande zote mbili, thamani yake haifiki hata dola 3,000. Msamaha wa kodi humnufaisha zaidi mwenye mshahara mnono, kwa sababu ndiye anayetozwa kodi kubwa. Ruzuku ya sokoni humnufaisha zaidi mwenye mshahara mdogo. Mama wa hotelini, kwa kuwa aliungana na wenzake wakajitengenezea bima, alibaki na msaada uliomfaa kidogo kuliko ule uliotengenezwa kwa ajili ya watu wa kipato chake.

Hatari yenyewe ilikuwa mezani pa majadiliano. Mwajiri anayeijua hesabu hiyo angeweza kuwaambia wafanyakazi: tuachane na mfuko, nitawapa dola 2 kati ya zile 5 kwenye mshahara, ninyi nendeni sokoni mkalipiwe na serikali. Kwa kijana asiyeugua, hilo ni ofa tamu. Anakwenda. Akishakwenda yeye na waajiri wachache wa mishahara midogo, mfuko unabaki na wenye umri mkubwa na wagonjwa, gharama kwa kila aliyebaki inapanda, na waajiri waliobaki wanapata sababu ya kuondoka nao. Mfuko hauhitaji adui ili ufe kwa njia hii, unahitaji tu watu wenye busara wanaofuata maslahi yao.

Vyama viliomba kwamba wanachama wa kipato cha chini waruhusiwe kutumia ruzuku ndani ya mfuko wao. Nimeisoma hoja ya serikali ya kukataa na nakiri ina uzito. Maandishi ya sheria yalikuwa bayana. Isitoshe, kulikuwa na mamilioni ya wafanyakazi wasio na chama, wenye kipato kilekile, waliopewa bima na kampuni zao, na wao pia hawakupata ruzuku. Kuwapa wanachama msamaha wa kodi na ruzuku kwa pamoja kungekuwa kuwalipa mara mbili. Vyama vilijibu kwamba mfuko usio na faida, unaosimamiwa na wafanyakazi wenyewe kwa nusu, haupaswi kuwekwa fungu moja na idara ya rasilimali watu ya kampuni. Kwa maoni yangu serikali ilikuwa sahihi kuhusu kile kilichoandikwa, na vyama vilikuwa sahihi kuhusu madhara yake. Kosa lilifanyika mapema zaidi, mwaka 2009 na mapema 2010, wakati sheria ikitungwa na masanduku mawili tu: bima ya mwajiri na bima ya mtu binafsi. Mfuko wa pamoja ni kitu cha tatu, nao ukasukumwa ndani ya sanduku la kwanza.

Saa 30, na kampuni ya watu 50

Barua ililalamikia pia saa za kazi. Sheria ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi wa muda wote kuwapa bima au kulipa faini, dola 2,000 kwa kila mfanyakazi baada ya kuwaondoa 30 wa kwanza. Muda wote ulitafsiriwa kuwa wastani wa saa 30 kwa wiki. Kwenye maduka ya vyakula, ambako watu wengi hufanya kazi vipande vya siku, UFCW ilikuwa imefanikiwa kwa miaka mingi kuwapatia bima hata wa saa 20 au 24. Mstari wa saa 30 ulimpa mwajiri kitu cha kuonyesha: sheria ya nchi inasema chini ya hapa si lazima. Kilichokuwa haki ya mkataba kikaanza kuonekana kama ukarimu uliopitiliza. Wapo waajiri waliotangaza kupanga ratiba za saa 29. Siku chache kabla ya barua, serikali ilikuwa imetangaza kuahirisha faini hizo hadi 2015, hatua iliyowaumiza viongozi wa vyama kwa sababu waajiri walisikilizwa upesi na wao bado wakisubiri.

Kwa ujenzi tatizo lilikuwa namba 50 yenyewe. Kampuni nyingi za ujenzi ni ndogo. Kontrakta asiye na mkataba na chama, mwenye mafundi 20, hakuwa na wajibu wowote. Angeweza kuweka bei ya chini kwenye zabuni, huku mafundi wake wakienda sokoni kwa ruzuku ya umma. Kontrakta wa chama, mwenye mafundi 20 vilevile, aliingia kwenye zabuni hiyo akiwa na dola kadhaa za mchango wa afya juu ya kila saa. Jambo hili lilionekana mapema. Seneta Jeff Merkley wa Oregon alifanikisha kuingiza kwenye mswada wa Seneti, Desemba 2009, kifungu kilichoshusha wajibu kwa kampuni za ujenzi hadi wafanyakazi 5. Kifungu hicho kiliondolewa Machi 2010 katika marekebisho ya mwisho. Ilikuwa mistari michache tu, na ingezuia sehemu kubwa ya ugomvi uliofuata. Mwezi Aprili 2013, chama cha waezekaji mapaa kikawa cha kwanza miongoni mwa vyama vilivyoiunga mkono sheria kutaka ifutwe au irekebishwe kabisa.

Tozo ya dola 63

Lalamiko la tatu ni dogo kwa tarakimu, ila linaeleza mengi. Ili kampuni za bima zisiogope wagonjwa wapya watakaoingia sokoni, sheria ilianzisha mfuko wa muda wa kuzifidia. Mipango yote ya bima, hata isiyohusiana na soko, ilitakiwa kuchangia: dola 63 kwa kila kichwa mwaka 2014, dola 44 mwaka 2015 na dola 27 mwaka 2016. Jumla ya makusanyo iliyopangwa kwa miaka mitatu ilikuwa dola bilioni 25.

Fundi mwenye mke na watoto watatu ni vichwa vitano. Mwaka wa kwanza mfuko wake ulidaiwa dola 315 kwa nyumba yake. Miaka yote mitatu, dola 670. Kama amefanya kazi saa 1,600 mwaka ule, tozo ya mwaka wa kwanza ni karibu senti 20 za kila saa. Katika majadiliano ya ujenzi senti 20 ni jambo la kukesha. Na fedha hizo zilikuwa zinakwenda kutuliza kampuni za bima za kibiashara, ambazo soko jipya liliwaletea wateja, kutoka kwa watu ambao mfuko wao haukuruhusiwa kuingia kwenye soko hilo. Hapa sioni utetezi wa serikali. Kama fedha za mfuko zingetambuliwa kuwa ujira, tozo hii ingeonekana ilivyokuwa: kodi kwa mshahara wa fundi, isiyoandikwa kwenye hati yake ya malipo.

Septemba 2013

Shirikisho la vyama, AFL-CIO, lilikutana Los Angeles mwezi Septemba 2013. Wajumbe walipitisha azimio lililoendelea kuunga mkono lengo la sheria lakini likataka irekebishwe kwa ajili ya mifuko ya pamoja. Chama cha wafanyakazi wa bandari wa Pwani ya Magharibi, ILWU, kilikuwa kimeshajitoa kwenye shirikisho mwezi Agosti, na msimamo kuhusu mageuzi ya afya ulikuwa mmoja wa sababu zilizotajwa. Rais wa shirikisho, Richard Trumka, alikwenda White House pamoja na wenzake. Siku hiyohiyo, tarehe 13 Septemba, jibu likatoka kupitia barua ya Wizara ya Fedha: wizara haikuona njia ya kisheria ya kumpa mtu aliye kwenye mfuko wa pamoja ruzuku ya soko na wakati huohuo msamaha wa kodi wa bima ya mwajiri. Barua hiyo ilielekezwa kwa Seneta Orrin Hatch wa Republican, aliyekuwa akipinga vikali vyama kupewa ruzuku.

Kusahihisha sheria bungeni hakukuwezekana. Republican walilishika Baraza la Wawakilishi na hawakutaka kutengeneza kitu walichokusudia kukifuta. Mwezi Oktoba shughuli za serikali zilisimama kuanzia tarehe 1 hadi 16, na wazo la kuahirisha ile tozo ya kila kichwa lilipojitokeza katika mazungumzo ya kumaliza mkwamo huo, lilishambuliwa kuwa zawadi kwa vyama na likaondolewa. Nafuu pekee ilikuja kwa kanuni mwezi Machi 2014: mipango inayolipa madai yenyewe na pia kuyashughulikia yenyewe, bila wakala wa nje, ilisamehewa tozo kwa 2015 na 2016. Mifuko iliyokuwa na ofisi zake za kushughulikia madai ilipona. Mingine mingi, hasa midogo, ilikuwa imekodisha kazi hiyo kwa kampuni, ikaendelea kulipa.

Kodi ya Cadillac

Kulikuwa na kivuli kingine kirefu zaidi. Sheria iliweka kodi ya asilimia 40 juu ya bima zilizozidi kiwango fulani cha gharama: dola 10,200 kwa mtu mmoja na dola 27,500 kwa familia. Iliitwa kodi ya Cadillac, kwa jina la gari la kifahari, kana kwamba inalenga anasa za wakubwa. Gharama kubwa ya mfuko wa vyama mara nyingi haitokani na anasa. Inatokana na wanachama wenye umri mkubwa, kazi zinazovunja mgongo na magoti, na miji yenye hospitali ghali.

Vyama vilipigana mapema hapa, na kwa mafanikio. Januari 2010 vilikubaliana na White House kwamba mipango ya mikataba ya hali bora isamehewe hadi 2018. Mwishowe kuahirishwa huko kukawekwa kwa wote. Viliingiza pia kifungu kinachohesabu kila mwanachama wa mfuko wa pamoja kwa kiwango cha familia, dola 27,500, hata kama hana mke wala mtoto. Hicho ni kifungu kilichoandikwa na mtu aliyejua mifuko inavyofanya kazi, na kinanifanya niamini kwamba kile cha ruzuku nacho kingeweza kuandikwa vizuri.

Hata hivyo kodi ilifanya kazi kabla haijaanza. Viwango vyake vilipangwa kupanda kwa kasi ya bei za kawaida, si kwa kasi ya bei za matibabu, kwa hiyo kila mpango ulikuwa unakaribia mstari mwaka hadi mwaka. Mfuko wenye gharama ya dola 30,000 kwa nyumba ungedaiwa asilimia 40 ya dola 2,500 zilizozidi, yaani dola 1,000. Waajiri walikuja kwenye majadiliano ya 2013, 2014 na 2015 wakiwa na majedwali ya 2018 mkononi, wakidai huduma zipunguzwe mapema. Wanachama walikubali makato kwa sababu ya kodi ambayo haikuwahi kutozwa. Bunge liliisogeza hadi 2020, kisha 2022, na Desemba 2019 likaifuta kabisa kwa kura za vyama vyote viwili vya siasa.

Kilichotokea na kisichotokea

Mifuko ya pamoja haikuporomoka kama barua ilivyohofia. Waajiri wengi walibaki, kwa kuwa soko la bima lilianza kwa matatizo makubwa Oktoba 2013 na mipango yake mingi ilimtaka mgonjwa alipe maelfu ya dola kabla bima haijaanza kuchangia. Mwanachama aliyelinganisha aliona kwamba cha kwake ni bora. Kuhama kwa nchi nzima kwenda ajira za muda mfupi, kwa ukubwa uliotabiriwa, hakukuonekana. Na watu wasio na bima Marekani walipungua kutoka karibu asilimia 16 mwaka 2010 hadi karibu 9 mwaka 2016. Wengi wao walikuwa jamaa na majirani wa wanachama hawahawa.

Lakini kusema hofu ilikuwa bure ni kuwakosea watu. Madhara yalikuja kwa senti: nyongeza ya mshahara iliyomezwa na tozo, malipo ya daktari yaliyopanda kutoka dola 10 hadi 25, mwenza aliyeondolewa kwenye bima. Mambo kama hayo hayaingii kwenye takwimu za waliopata au kupoteza bima, kwa kuwa kwenye takwimu mwanachama bado ana bima.

Swali lilirudi mwaka 2020 kwa sura nyingine. Seneta Bernie Sanders alipogombea kuteuliwa na Democratic kuwania urais, akiahidi bima moja ya umma kwa wote, viongozi wa chama cha wafanyakazi wa hoteli za Las Vegas, tawi la UNITE HERE ambalo D. Taylor aliwahi kuliongoza, waliwaonya wanachama kwamba mpango huo ungemaliza mfuko wao. Wanachama wengi hawakuwafuata. Sanders alishinda kura ya mchujo ya Nevada, jimbo lenye Las Vegas, tarehe 22 Februari, na hata kwenye vituo vya kura vya hoteli zenyewe alifanya vizuri sana. Naona pande zote mbili zilikuwa na sababu. Kiongozi alikuwa akilinda kapu lililojazwa kwa migomo. Mwanachama alikuwa akimfikiria dada yake asiye na chama, na siku ambayo yeye mwenyewe angeachishwa kazi. Ambacho hakikusemwa vya kutosha ni fedha zile za mchango zingekwenda wapi. Sanders alipendekeza, mwezi Agosti 2019, kwamba mwajiri wa chama atakayepunguziwa gharama alazimike kujadiliana upya na kurudisha akiba hiyo kwa wafanyakazi. Huo ndio mlango ambao sheria ya 2010 haikuufungua.

Kifungu kilichotumika kukataa ruzuku Septemba 2013 hakijabadilika. Kilichobadilika ni kanuni ya familia. Hadi 2022 bima ya kazini ilihesabiwa nafuu kwa kuangalia gharama ya mfanyakazi peke yake, hata kama kuwaongeza mke na watoto kulikuwa ghali mno. Oktoba 2022 serikali ilirekebisha tafsiri hiyo, na tangu 2023 gharama ya familia inapimwa kivyake. Kwa mfuko unaowabeba watoto bila kumtoza mwanachama, hakuna tofauti. Kwa mfuko unaomtoza sana, mke na watoto wanaweza sasa kuingia sokoni kwa ruzuku huku mwanachama akibaki. Wadhamini wa mifuko hiyo wana hesabu ya kufanya kabla ya mkataba ujao, na wanachama wana haki ya kuiona: ikiwa familia zinahamia sokoni, je, senti zilizokuwa zikiwalipia zinarudi kwenye mshahara, zinabaki kwenye akiba ya mfuko, au mwajiri anaondoka nazo?